Jina Lililosomwa Uwanjani

Norsborg, Stockholm
Jumapili, 23 Novemba 2025

Dada yangu mpenzi Maombi,

Nakusalimu kwa upendo wa ndugu wa tumbo moja. Hujambo? Mgongo wako umepungua maumivu tangu wakupe zile dawa za kupaka? Na mvua je, mmezipata huko Kasulu, au bado mnakula vumbi? Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa mlangoni kwako na miwani yako mpya, maana nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Mimi huku ni mzima wa mwili. Goti linanisumbua nikipanda ngazi, lakini kazi ya kuhudumia wazee majumbani haimhurumii mtu kwa sababu ya goti, kwa hiyo napanda tu. Baridi imeshaanza. Saa tisa alasiri jua limezama na tunawasha taa.

Najua utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Dada, ile simu ya jirani yako Ndayisaba ni ya kambi nzima. Nikipiga kuuliza tu kama mmeamka salama, wananijibu watu sita, na wa saba anakohoa. Haya ya leo si ya kusikilizwa na watu sita. Naomba uisome peke yako kwanza. Ukimaliza utaamua mwenyewe nani umwambie na nani umnyime.

Mwezi wa nane nilikupigia kwa mbwembwe zote kukupa habari za Shalom, mwanao uliyenipa nimlee. Nilikueleza kwamba huu ni mwaka wake wa nne na wa mwisho katika kile chuo cha Ohio, Marekani, na kwamba wana desturi yao huko. Siku ya mechi ya mwisho ya msimu, wachezaji wanaomaliza chuo huitwa mmoja mmoja kwa kipaza sauti, na kila mmoja huingia uwanjani ameshikwa mkono na wazazi wake, majina ya wazazi yakisomwa mbele ya watu wote. Nilikuambia nitakwenda kumshika mkono. Nawe ukasema niende, miguu iwe yangu, lakini jina lisomwe lako. Ukasema kwamba katika miaka ishirini na moja hujawahi kumsikia mtu yeyote akilitaja jina lako na la mwanao kwa pumzi moja, na kwamba hilo moja ukilipata hutaniomba tena kitu. Nami nikakuahidi.

Basi mechi imechezwa Jumamosi ya wiki iliyopita, siku nane leo. Nakuandikia jinsi ilivyokuwa. Marekani sikwenda. Sababu nitakueleza mbele. Nakujua unavyopenda kuanza na ukurasa wa mwisho, tafadhali safari hii usiruke.

Kwanza nikueleze mchezo wenyewe, maana ulipouona kwenye picha uliniuliza kama mtoto ameingia jeshini. Ile ni kofia ya kuzuia kichwa kisipasuke, na mabega yale makubwa ni ya plastiki, ingawa chini yake ya kwake mwenyewe si madogo. Ni mpira wa miguu wa Kimarekani. Usiniulize kwa nini wanauita wa miguu wakati wanaushika kwa mikono kutwa nzima. Marehemu mume wangu Ludovic ndiye aliyempeleka mara ya kwanza kwenye uwanja mmoja wa kusini mwa jiji, Shalom akiwa na miaka kumi na mitatu, kwa sababu kwenye mpira wetu wa kawaida alikuwa akiwaangusha wenzake bila kukusudia na wazazi wa Kiswidi walikuwa wameanza kuninunia. Huko akakuta kuangusha watu ndiyo kazi. Tangu siku ile hakuangalia nyuma, mpaka chuo cha Marekani kikamwandikia kwamba aje, watamsaidia masomo.

Kazi yake uwanjani ni kusimama mbele ya yule anayerusha mpira na kuzuia wapinzani wasimfikie. Katika miaka yote minne hajawahi kuushika mpira wenyewe kwenye mechi hata mara moja. Nilimuuliza kama haimuumi, mwili wote ule na jasho lote lile kwa ajili ya mwenzake kushangiliwa. Akacheka, akaniambia kwa Kiswidi chake kwamba mtu wa nafasi yake hutajwa jina akikosea tu, na asipotajwa ujue amefanya kazi vizuri. Mimi nilinung'unika kidogo, maana mama anapenda kusikia jina la mwanawe, lakini yeye hilo halikumsumbua.

Vyuo tisa vya upande ule vimeungana kuwa na ligi yao. Kila chuo hucheza na kila kingine mara moja, na anayemaliza juu ndiye bingwa wao, naye huendelea kwenye mashindano ya nchi nzima. Chuo cha Shalom kilifika Jumamosi ile kikiwa cha pili, na waliokuwa wa kwanza ndio haohao waliokuja kucheza nao. Wakishinda, wanachukua ubingwa na msimu unaendelea, wiki tatu, nne, labda hadi karibu na Krismasi. Wakishindwa, msimu umekwisha palepale, na kwa hawa wa mwaka wa nne ndio mwisho wa mpira wa chuo. Kumbuka jambo hilo, nitalirudia.

Nilikwenda kutazama Akalla, kwa Protais na mkewe Gaudiose, wale Warundi wa kanisani kwetu niliokusimulia, waliotupikia siku tatu Ludovic alipofariki. Wana televisheni kubwa kama meza ya kulia. Kutoka kwangu Norsborg hadi kwao ni kutoka mwisho wa reli nyekundu hadi mwisho wa reli ya bluu, jiji zima unalipitia chini ya ardhi. Nilibeba sambusa. Njiani niliketi nimezipakata, zinanichoma mapaja, na wala sikuzihamisha. Nilikuwa nafikiria tu kwamba saa ile ile, uwanjani, wazazi wa wenzake wanapangwa kwenye mstari.

Nilikuta watu wanane wananingoja, wamevaa kama wanakwenda harusini. Gaudiose alikuwa ameandika namba ya jezi ya Shalom, sitini na saba, kwenye kadibodi na kuitundika juu ya televisheni. Walinikalisha kiti cha mbele kabisa, kile cha Protais mwenyewe. Waliniuliza kwa nini sikusafiri, wakati nilikuwa nimeshawatangazia safari tangu mwezi wa tisa, nikawaambia ni goti. Waliniamini, wakaniletea na kistuli cha kunyooshea mguu.

Saa kumi na mbili kasoro robo ya huku, huko bado ni mchana wa jua kali la baridi, wakaanza kuwaita. Dada, ungewaona. Vijana wakubwa kama milango, na kila mmoja ameshikwa na kimama kifupi chenye ua kifuani na baba anayejikaza asilie. Mtangazaji alisoma jina la mchezaji, anakotoka, majina ya wazazi, kisha sentensi moja ya shukrani aliyoiandika mchezaji mwenyewe. Binti yao Protais, Annick, ndiye aliyekuwa akitutafsiria kutoka Kiingereza. Huyu anamshukuru baba yake kwa kumwamsha alfajiri. Yule anaishukuru familia yake yote na mbwa wao. Tulicheka kwa ajili ya mbwa.

Kisha akaja Shalom. Alikuja peke yake. Mkono wa kushoto ameshika kofia. Mkono wa kulia ameukunja kwenye kiwiko, kauweka mbali kidogo na ubavu, kama mtu aliyeshikwa. Na hatua alizifupisha. Unajua yeye hutembea kama anayekimbizwa, lakini siku ile alikwenda polepole, kidogokidogo, kama anavyotembea mtu na mama ambaye mgongo unamuuma. Uwanja mzima alivuka hivyo, na hapakuwa na mtu kwenye mkono ule.

Na mtangazaji akasoma. Alilivunjavunja, Dada, Wamarekani hawajui kulitamka, lakini lilikuwa lako. Akasema huyu ni Shalom, anatoka Stockholm, Sweden, ni mtoto wa Maombi. Annick akatafsiri sentensi iliyofuata: kwamba anamshukuru mama yake, Maombi, aliyemwacha aende. Watu wa uwanja ule walipiga makofi. Walikuwa kama elfu tatu. Jina lako lilisemwa mara mbili mbele ya watu elfu tatu, pamoja na la mwanao, kwa pumzi moja kama ulivyotaka. Ahadi imetimia.

La kwangu halikusomwa.

Katika chumba kile hakuna aliyemeza sambusa yake. Annick alinitazama, halafu akatazama zulia. Gaudiose ndiye aliyeuliza, taratibu, Maombi ni nani. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kusema uongo mwingine. Ningesema ni jina langu la nyumbani, na wangeamini, maana Warundi wangejuaje majina yetu ya nyumbani. Lakini nilikuwa nimeshachoka. Nikasimama na goti langu, nikawaambia kwamba Maombi ni dada yangu mkubwa, yuko kambini Kasulu, na huyu ni mtoto wake wa kumzaa. Nikasema mimi ni mama yake mdogo. Kisha nikaketi.

Nilidhani watanihoji. Protais alipunguza sauti ya televisheni, akavua kofia yake, akakaa nayo magotini. Akasema kwamba hata yeye, kwenye karatasi zake za Sweden, anaishi kwa tarehe ya kuzaliwa ya kaka yake aliyebaki njiani, na kila mwaka watoto wake humkatia keki siku ambayo si yake naye huizima mishumaa. Mkewe alikuwa analijua hilo. Binti yake hakulijua. Wakatazamana, yeye na Annick, na baada ya hapo mechi ikaanza, tukatazama.

Sitakuchosha na mechi. Walicheza vizuri, na Shalom hakutajwa jina hata mara moja. Mpaka dakika ya mwisho walikuwa nyuma kwa pointi tatu, ishirini kwa kumi na saba, na wakapata nafasi ya kupiga mpira upite katikati ya milingoti ili wasawazishe. Niliomba, Dada. Niliomba kwa sauti, nimefumba macho, Gaudiose akanishika bega akiitikia amina. Mpira ukapita pembeni. Wale wengine wakakimbilia uwanjani kushangilia ubingwa, na msimu wa Shalom ukaishia hapo. Alikaa chini kwenye majani na nguo zake zote zile, na mwenzake mmoja akaja akakaa kando yake.

Sasa naweka kalamu chini kidogo, nanywa maji, naendelea.

Dada, Shalom hakuwa akijua. Mpaka tarehe sita ya mwezi huu hakujua kama wewe ni mama yake. Alijua kuna mama mkubwa kambini, basi. Tulikubaliana nimwambie akifikisha miaka kumi na mitano, na alipofikisha nilikupigia nikakuambia nimemwambia, kwamba amelia, kwamba amekuulizia habari zako, kwamba tu anaona haya kuongea kwa sababu Kiswahili chake ni kibovu. Hakulia. Hakuuliza chochote, kwa kuwa hakuambiwa chochote. Siku hiyo tulikula keki na yeye akaenda mazoezini.

Na salamu zote nilizokuletea kwa miaka sita, za Krismasi, za Pasaka, za alipofaulu mitihani, ni mimi niliyezitunga. Ile ya kwamba mama asibebe tena kuni nzito, akimaliza chuo atamnunulia jiko la gesi, uliyoifurahia mpaka ukaisimulia kwenye kwaya, niliitunga kwenye treni kati ya Alby na Hallunda, kabla sijashuka nikupigie. Ile fulana ya sufu ya bluu uliyomfumia, niliyokuambia anaivaa kila baridi, haijawahi kutoka kwenye kabati langu. Nilisema anaipenda kwa sababu inanukia moshi wa nyumbani. Ni mimi niliyekuwa nikiinusa.

Utaniuliza kwa nini, na una haki. Wewe na mimi tunajua jina Shalom lilikuwa la nani. Lilikuwa la mwanangu, aliyekufa na miezi saba wiki mbili kabla majina yetu ya kwenda Sweden hayajabandikwa ubaoni, na wewe ndiye uliyemwosha. Kwenye orodha aliendelea kuwa hai, kwa sababu hatukwenda kusema. Ndipo ukaja asubuhi ile na wako mgongoni, kifua chake kikikoroma kwa baridi ya kule, ukasema nafasi ipo, mchukue, huko atatibiwa. Ukasema wewe unamngoja baba yake atoke kwetu Fizi, akija akute mtu. Hakuja mpaka leo. Tukapanda gari mimi na Ludovic na mtoto wako, na kuanzia pale jina la marehemu likawa lake.

Kwa miaka ishirini na moja nimeita Shalom, na mtu akaitika. Sijui kama utanielewa. Nilikuwa naita mlangoni kwa sababu tu ya kusikia linaitikiwa. Ningemwambia ukweli, ningekupa wewe mwanao, na mimi ningerudi kumzika wangu upya, peke yangu huku, bila wewe wa kumwosha. Ludovic alinisihi mara nyingi nimwambie mtoto. Alipofariki, nikabaki na mtu mmoja tu duniani wa kuniita mama, na hapo ndipo nilipozidi kuogopa. Kila mwaka nilijiambia acha kwanza msimu uishe, asije akavurugika. Msimu ukiisha nilisema acha mitihani ipite. Mitihani ikipita, msimu mwingine unakaribia. Nilijificha nyuma ya mpira ambao hata sheria zake sizijui vizuri.

Kilichonitoa ni fomu. Alhamisi ile, tarehe sita, alinipigia kutoka ofisi ya kocha wake, akaomba majina yangu kamili yalivyo kwenye pasipoti ili ayaandike pale pa mama. Tiketi yangu ilikuwa imeshakatwa na likizo nimeshapewa. Nilikuwa chini, kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu, ilikuwa zamu yangu, mashine zote mbili zinazunguka. Nikaiona ahadi yangu kwako mbele ya macho. Nikaona nikisema jina langu, Pélagie, nitakwenda kusimama pale kwenye jua, mbele ya watu, nishangiliwe kwa kitu ulichofanya wewe. Nikamwambia aandike Maombi. Akacheka, akadhani nimekosea. Nikamweleza yote, nimesimama nimeegemea mashine, na sikumficha hata ya yule mtoto mwingine.

Hakuuliza kwa nini, wala hakupiga kelele, ambavyo ningevipenda zaidi. Aliuliza kitu kimoja: kama mama yake anajua kwamba yeye hajui. Ikabidi nimwambie habari za salamu. Hapo ndipo alipolia, Dada, si kabla. Akasema kwa miaka sita kuna mtu amekuwa akiongea na mama yake kwa mdomo wake, na yeye hajawahi kusema hata neno moja. Akaniambia nisiende Marekani. Akasema nikuandikie wewe haya yote, mwenyewe, kwa mkono wangu, na nisipunguze kitu. Na akasema msimu ukiisha, anakwenda kwa mama yake.

Sasa unaelewa niliomba nini pale kwa Protais. Gaudiose aliitikia amina akidhani naombea ubingwa. Nilikuwa naomba msimu usiishe. Wiki tatu tu, wiki nne, achelewe kidogo kuja kwako. Hilo nalo nimeona nikuandikie, kwa sababu aliniambia nisipunguze.

Jumapili alinipigia, siku moja baada ya mechi, sauti imekauka. Mitihani yake inaisha tarehe kumi na saba Desemba, na tarehe kumi na nane anapanda ndege kuja Kigoma, kupitia Dar es Salaam. Stockholm hapiti. Itakuwa Krismasi ya kwanza siko naye tangu ulipomfungua mgongoni ukanipa. Aristide, kijana wa Uvira anayekuletea barua hii, atabaki Kigoma amngojee, amsaidie na kibali cha kuingia kambini. Aliniagiza nimtumie ile fulana kwa posta. Nikamkumbusha kwamba ni ya mtoto wa miaka kumi na mitano, haitapita hata kichwani. Akasema anajua. Nilipanga foleni kwenye duka la vyakula ambalo ndilo posta yetu ya hapa, nikaituma. Katika mazungumzo yale hakuniita mama, wala hakuniita jina langu. Mwishoni tu aliuliza kama nimekula, nikasema ndiyo, akakata.

Dada, naomba nikuelekeze machache, maana miaka hii yote mimi ndiye niliyekuwa naye na haya huyajui. Anakula sana, usione haya kumwambia chakula kimekwisha, kwao hilo si aibu. Atagonga kichwa kwenye mlango wako, mwambie ainame. Kiswahili anakisikia chote, lakini akijibu atachanganya na Kiswidi, na Kibembe hajui hata neno, kwa hiyo usimsemeshe haraka. Akinyamaza hajakasirika, anatafuta maneno. Na kile kifua ulichokuwa ukikisikiliza usiku kucha, kimepona. Siku hizi kinawasimamisha watu wa kilo mia na thelathini.

Jambo la mwisho. Kabla hajakata simu siku ile ya fomu aliniuliza wewe ulikuwa ukimwitaje. Nilikuwa nalo mdomoni lile jina ulilompa wewe, nimelifungia miaka ishirini na moja, na sikulitoa. Safari hii si kwa uchoyo. Nilimwambia sina haki nalo, asubiri alisikie kwako. Kwa hiyo akiinama mlangoni, usimwite Shalom. Mwite lile lako. Yeye hatajua kama aitike, umwite tena.

Sikuombi unisamehe leo. Najua nilichokuibia, na miaka sita ya salamu za uongo si kitu cha kusamehewa kwa barua. Nimekukosa sana, Dada. Nimekukosa kabla ya haya na sasa nakukosa zaidi. Usiku nikifunga macho nakuona bado una umri uleule, na mimi ndiye nimezeeka peke yangu. Ukiweza, siku moja, niandikie hata mstari. Ukishindwa, nitaelewa.

Nisalimie Ndayisaba na simu yake, na wanakwaya wote. Protais na Gaudiose wanakusalimu, na hao ni wao kweli, nimewasikia kwa masikio yangu. Mimi nakusalimu kwa machozi na kwa upendo.

Za Shalom siandiki. Atakuja nazo.

Mdogo wako,
Pélagie